Sonona Baada ya Kujifungua Inatibika
Arobaini ya uzazi huwekwa ili mama apumzike, akandwe na alishwe vizuri. Hata hivyo, mwili unaweza kupona akili ikabaki inaumwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea, karibu wanawake 20 katika kila 100 waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Machozi ya siku za mwanzo, homoni zinaposhuka ghafla, ni ya kawaida na huisha ndani ya wiki 2. Huzuni ikizidi hapo, mama akakosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, au akajiona hafai, anahitaji kuonwa na mtaalamu.

Wapo wasemao bibi zetu walizaa bila kulalamika. Kunyamaza kwao si ushahidi kwamba hawakuumia, wengi hawakuulizwa. Wengine huona sonona ni upungufu wa imani. Dua na sala hufariji, wala hazizuii matibabu: ushauri nasaha husaidia, na zipo dawa ambazo daktari humwandikia hata anayenyonyesha. Basi baba, mama mkwe na mkunga, mnapomuulizia mtoto, muulizieni na mama. Akitaja kujidhuru au kumdhuru mtoto, msimwache peke yake. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.