Kumtoa Mnyama Majini Siyo Mwisho wa Kazi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Wanafunzi wa Zamani)



Katibu aliniomba nizungumze juu ya uongozi wa miradi, kwa kuwa kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kusimamia ujenzi. Nilimjibu kwamba nitazungumza, ila nitaomba ruhusa ya kupitia njia ya wanyama. Wengi wenu mnajua kwamba tangu nilipostaafu, Jumamosi zangu nazitumia pamoja na kikundi kidogo cha watu wa kujitolea hapa Dodoma, tunaotibu punda wa mikokoteni na kuwatunza mbwa wasio na wenyewe. Nasikia baadhi yenu mmenipa jina la Mzee Punda. Jina nimelipokea. (Kicheko.)

Ndugu zangu, katika ujenzi mpango mbaya unaweza kujificha muda mrefu. Saruji ikipungua huagizwa nyingine, na siku zikipita huandikwa barua ya kuomba siku zaidi. Mnyama mgonjwa hapokei barua. Ukikosea hesabu Jumamosi, Jumatatu unashika jembe ukachimbe shimo la kumzika. Ndiyo maana nasema kwamba kazi ile ni shule nzuri ya mipango kuliko semina nyingi nilizopata kuhudhuria.

Jambo la kwanza ni kuujua uwezo wako. Banda letu lina vyumba vinane vya mbwa. Mbwa wa tisa huletwa kila juma, tena mara nyingi huletwa na mtoto anayelia. Kumkataa ni kazi ngumu. Lakini mbwa ishirini wakisongamana mahali pa wanane, akatokea mmoja mwenye ugonjwa wa kuharisha damu, ataondoka na wenzake wengi. Kwa hiyo tuna daftari, na hakuna mnyama anayepokelewa kabla hayajaandikwa mambo matatu: nani atamlisha, dawa itanunuliwa kwa fedha gani, na akipona atakwenda wapi. Anayekosa majibu hayo hutibiwa pale pale alipo, au hutafutiwa jirani wa kumhifadhi. Na yule asiyeweza kupona, daktari wa mifugo humpumzisha bila maumivu. Huruma isiyo na hesabu huua wengi kuliko ukatili.

Jambo la pili ni kuzuia kabla ya kutibu. Hapa nitawapeleka mbali kidogo, hadi Afrika ya Kusini. Tarehe 23 Juni 2000 meli iitwayo Treasure ilizama karibu na Cape Town, kati ya kisiwa cha Dassen na kile cha Robben alikofungwa Nelson Mandela. Mafuta yake yalitapakaa baharini, na visiwa hivyo ni makazi ya pengwini, ndege wasioruka ambao huishi kwa kuvua samaki. Mafuta yakiingia katika manyoya ya pengwini, maji baridi hupenya hadi kwenye ngozi, na ndege hufa kwa baridi au kwa njaa.

Pengwini wapatao 19,000 walikuwa wamekwisha kupakwa mafuta. Maelfu ya watu wa kujitolea walikuja kuwaosha mmoja mmoja. Mtu angedhani kwamba nguvu zote zingemiminwa huko, kwa kuwa ndiko kilio kilikotoka. Lakini viongozi wa kazi ile walitazama pia wale waliokuwa bado safi. Waliwakamata wapatao 19,500, wakawapakia katika malori na kuwapeleka hadi karibu na mji uliokuwa ukiitwa Port Elizabeth, mamia ya kilomita upande wa mashariki, na huko wakawaachia baharini. Pengwini hurudi kwao kwa kuogelea. Safari ile ya majuma kadhaa ikawapa watu nafasi ya kusafisha mafuta kabla wenye nyumba hawajafika. Watatu kati yao, walioitwa Peter, Pamela na Percy, walifungwa vyombo vya kufuatiliwa kwa setilaiti, na watu wakawa wanaulizana kila siku wamefika wapi. Na wale waliooshwa, zaidi ya tisa katika kila kumi walirudi baharini wakiwa hai.

Tena yafaa tukumbuke kwamba miaka sita kabla ya hapo, mwaka 1994, meli nyingine, Apollo Sea, ilizama katika bahari hiyo hiyo. Pengwini wapatao 10,000 walipakwa mafuta, na karibu nusu yao wakafa. Waliofanya kazi mwaka 1994 hawakuyafukia yaliyowashinda. Waliyachunguza, na mwaka 2000 yakawa mwongozo. Mradi usioandika yaliyoushinda huanza upya kila mara.

Jambo la tatu ni namna ya kumtuma mtu usiyemlipa. Mtu wa kujitolea huwezi kumkata mshahara. Akichoka, au akiona anapotezewa siku yake, harudi, wala hakuandikii barua ya kujiuzulu. Sisi tumejifunza kumpa kila mmoja kazi moja yenye mwanzo na mwisho. Wewe utashika kichwa cha punda, wewe utaosha kidonda, na wewe utaandika kadi. Tunaanza saa mbili asubuhi na kumaliza saa sita, na chai hunywewa saa nne bila kukosa. Kijana akija mara ya kwanza hatumpi hotuba. Tunampa ndoo na kumwonyesha bomba. Wasomi tunapenda kuunda kamati. Punda mwenye kidonda mgongoni hajapata kuponywa na kamati.

Hata hivyo, kidonda kile hurudi kama matandiko ni yale yale. Kwa hiyo mwenye punda naye ana sehemu yake: kabla ya kuondoka huonyeshwa namna ya kushona tandiko laini kwa magunia na nguo kuukuu. Bila yeye, kila Jumamosi tungeosha kidonda kile kile.

Jambo la nne ndilo kubwa kuliko yote, nalo limetokea kwa jirani zetu wa Kenya. Mwaka 2018 faru weusi 11 walihamishwa kutoka hifadhi za Nairobi na Nakuru na kupelekwa katika hifadhi mpya ndani ya Tsavo Mashariki. Kumhamisha faru si mchezo: kuna dawa za usingizi, makreti, malori na madaktari. Faru walifika. Lakini maji ya huko yalikuwa na chumvi nyingi kuliko waliyoyazoea. Chumvi iliwazidishia kiu, na kiu iliwafanya wazidi kuyanywa. Kumi walikufa. Wa kumi na moja alishambuliwa na simba akiwa amedhoofika, naye akafa.

Ndugu Mwenyekiti, jambo hilo silitaji ili kuwacheka jirani zetu. Nalitaja kwa sababu maji hupimwa kwa kuchota chupa moja tu na kuipeleka maabara. Sehemu ngumu ya kazi ilikwenda sawa, na sehemu nyepesi ndiyo iliyoua. Siku ya kufika haikuwa siku ya mwisho ya mradi ule. Ilikuwa siku ya kwanza.

Sasa narudi nyumbani. Mbele yetu leo kuna pendekezo la kuchimba kisima, kujenga tangi na kuvuta bomba hadi mabweni mawili. Ahadi za michango zimekwisha kutolewa, tena kwa moyo. Najua haja ilivyo. Vijana hawa waliokaa nyuma hubeba ndoo kabla ya jua kuchomoza, kama tulivyobeba sisi, na anayechelewa huingia darasani bila kuoga. Hakuna anayetaka maji yafike kuliko mimi.

Lakini nimepata kukiona kisima katika shule moja ambayo sitaitaja. Jiwe la uzinduzi lipo, lina majina na tarehe. Pampu ilikufa mwaka wa pili na hakuna aliyekuwa na fungu la kuitengeneza. Mbuzi hujikuna kwenye bomba lake. Waliochanga walikuwa watu wema kama ninyi.

Sisi watu wa Dodoma chumvi ya ardhini twaijua. Kwa hiyo naomba tujibu maswali manne, na majibu yaandikwe katika muhtasari wa mkutano huu. Maji ya hapa yatapimwa lini na nani, kabla pampu haijanunuliwa? Pampu ikiharibika mwaka wa tatu, fundi atalipwa kutoka fungu gani? Ufunguo utakaa kwa nani wakati wa likizo? Na michango ikifika nusu tu, tutajenga nini kwanza na kuacha nini?

Naomba basi mkutano huu usipige kura leo ya kununua pampu. Upige kura ya kuchimba kisima cha majaribio na kupima maji, fedha zinazobaki zikae benki, na kamati ituletee majibu baada ya miezi mitatu. Wako watakaosema kwamba moto wa watu utapoa. Mimi najibu kwamba moto usioweza kungoja miezi mitatu hautaweza kuitunza pampu miaka kumi.

Vijana, nanyi msikate tamaa kwa kusikia neno kungoja. Tunataka mkinywa maji hayo, na wadogo zenu waje wayanywe.