Mtoto Aliyetelekezwa ni Yupi?

Leo nataka kusema nanyi habari za neno moja ambalo wazazi na maafisa wa ustawi wa jamii hulitamka sawasawa, walakini hawalielewi sawasawa. Neno lenyewe ni kumtelekeza mtoto. Kwa ajili ya neno hili mzazi mwema huweza kuaibishwa mbele ya jirani zake, na mtoto mwenye shida huweza kukosa msaada. Basi yafaa tulipime vema.

Tutazame Endagikot, katika nchi yetu ya Mbulu, mahali pa wakulima na wafugaji. Tuseme kuna nyumba moja ya watoto watatu. Mama huondoka alfajiri kwenda kupalilia mahindi na maharagwe, naye humwacha mtoto mchanga kwa dada yake mwenye umri wa miaka minane. Kaka yao wa miaka kumi huchunga ng'ombe mchana kutwa. Tena miezi ya Juni na Julai, baridi inapokuwa kali, watoto wote hawana nguo nzito.

Ukimwuliza mzazi kama watoto hawa wametelekezwa, atashangaa. Kwake yeye, aliyetelekezwa ni mtoto asiye na mtu wa kumwuliza amekula nini na atalala wapi. Kijana anayechunga anajifunza kazi ya wazee wake. Binti anayembeba mdogo wake anajifunza kulea. Na kukosa nguo nzito si uovu bali ni umaskini. Mzazi hutazama nia yake mwenyewe. Husema, "Sikukusudia kuwatupa wanangu, basi sikuwatelekeza."

Afisa wa ustawi wa jamii huanza mahali pengine. Yeye humtazama mtoto kwanza: Je, amekula? Amechanjwa? Yuko shuleni? Mchana analindwa na nani? Mwongozo wake ni Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Sheria hiyo yasema kwamba kila mtu aliye chini ya umri wa miaka 18 ni mtoto, na kwamba mzazi ana wajibu wa kumpatia chakula, malazi, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, elimu na maongozi, na nafasi ya kucheza na kupumzika. Mambo hayo yakikosekana, afisa huona hatari, hata kama mzazi anawapenda wanawe sana.

Je, nani kati yao ana haki? Kila mmoja ameshika upande mmoja wa jambo. Na sheria yenyewe inazijua pande zote mbili. Inapowataja watoto wanaohitaji ulinzi, haimtaji yule aliyetupwa peke yake, bali humtaja pia mtoto fukara, na yule ambaye mlezi wake hafai kwa sababu ya ulevi. Lakini inapomwagiza jirani kutoa habari za mzazi, humtaja mzazi mwenye uwezo ambaye anakataa au anazembea kumpa mtoto mahitaji yake. Ndiyo kusema, mtoto asaidiwe bila kujali kosa ni la nani. Bali lawama impate yule aliyeweza asitake.

Sasa tuirudie nyumba yetu. Kwa habari ya nguo, neno lifaalo ni kupungukiwa, na dawa yake ni msaada. Mpango wa kunusuru kaya maskini, ulioanza mwaka 2012 chini ya TASAF, uliwekwa kwa ajili ya nyumba za namna hiyo. Kwa habari ya mchungaji, kazi si kosa. Kosa ni kazi inayomtoa shuleni. Tangu mwaka 2016 ada imeondolewa toka shule ya msingi hata kidato cha nne, wala mzazi hana tena sababu ya ada. Achunge jioni na siku za mapumziko. Kwa habari ya binti, kumbeba mdogo wake kwa saa moja mama akiwa karibu ni malezi. Kuachiwa mtoto mchanga kutwa nzima, penye moto na maji, ni mzigo uwapitao watoto wote wawili. Hapo bibi au shangazi aitwe.

Lakini baba auzaye gunia la mahindi akainywea fedha yote pombe, na watoto wake wakilala na njaa, huyo asijifunike kwa blanketi la umaskini. Huyo ametelekeza.

Mkiona jambo la namna hiyo, pelekeni habari kwa serikali ya kijiji au mtaa, au pigeni simu namba 116, ambayo ni ya bure. Msiogope kwamba jirani yenu atafungwa siku ile ile. Sheria yamwagiza afisa kumwita kwanza mhusika ili wazungumze, kisha aamue kwa faida ya mtoto. Mahakama huja baadaye, mtu akikaidi.

Nanyi maafisa, mwingiapo katika nyumba, ulizeni kwanza nani husaidiana na mama huyu, kabla ya kuandika kwamba hakuna alindaye. Nanyi wazazi, afisa akija, msimjibu kwa habari za upendo wenu tu. Mwonyesheni kadi ya kliniki na daftari la shule. Upendo ni mwema, lakini mtoto hashibi nia.

Wazee walisema, mkono mmoja haulei mwana. Mkono wa mzazi na mkono wa afisa ni mikono miwili; ikishindana, anayeanguka katikati ni mtoto.