Programu ya barua isipofunguka: msikubali mashini ifutwe

Mlituomba tueleze mbele ya mkutano mambo yaliyoipata mashini ya chama, kwa sababu habari imetembea mpaka Kashebere kwamba barua zenu zote zimepotea. Hazikupotea. Ila zilikuwa karibu sana kupotea, na kosa lilikuwa letu sisi wa ofisi.

Mnajua kilicho ndani ya ile mashini. Wengi wetu tulikimbia bila karatasi hata moja. Wale waliokuwa Bulengo na Lushagala, kando ya Goma, mpaka kambi zile zilipovunjwa mwezi wa pili 2025, walitutumia picha za vyeti vya kuzaliwa, makaratasi ya masomo ya watoto, barua za mashamba, vyote kwa imeli ya chama. Kwa wamoja, ile picha njo karatasi ya pekee waliyobaki nayo.

Tunatumia Thunderbird, programu ya bure iliyotoka mwaka 2004. Tuliichagua juu ya rezo. Hapa Kibua rezo inakuja, inapotea. Thunderbird inavuta barua inaziweka ndani ya mashini, na unazisoma hata siku hakuna rezo. Lakini tuliipanga vibaya: ikisha kuvuta barua, inaifuta kule ilikotoka. Kwa hiyo barua zenu zilikuwa fasi moja tu ya dunia nzima, ndani ya mashini hii iliyo juu ya meza.

Siku ile batri ilikuwa karibu kwisha. Karani akafunga Thunderbird haraka, akashusha kifuniko, tukaenda. Asubuhi akabonyeza: haifunguki. Akabonyeza tena, na tena (mara kumi, yeye mwenyewe amekubali tuseme). Yakatokea maandishi kwamba Thunderbird tayari inafanya kazi lakini haijibu. Tukacheka. Inafanya kazi wapi, na hatuioni?

Tukapigia simu mutengenezaji mmoja. Akasema tumuletee, atafuta mashini yote na kuanza upya. Tulikubali. Kweli, wababa, tulikubali, na mashini ilikuwa imeisha kufungwa ndani ya mufuko. Mama mmoja wa komite njo aliuliza: na barua zitakuwa wapi wakati anafuta? Hakuna aliyejibu. Tukafungua mufuko.

Kijana wetu aliyesoma informatike ku Goma akatuonyesha. Kushusha kifuniko si kuzima. Mashini ilikuwa imelala tu. Dirisha la Thunderbird lilifungwa, lakini kazi yake ndani haikuisha, na hairuhusu Thunderbird ya pili ifunguke juu ya barua zile zile. Akafinya Ctrl, Maj na Échap pamoja, yakaja majina ya kazi zote zinazotembea. Thunderbird ilikuwa pale. Akaichagua, akabonyeza « Fin de tâche ». Akafungua tena: barua zote hizi hapa. Minuti mbili.

Kama ninyi mko na programu hii nyumbani au ku masomo, anzeni na hiyo, ama zimeni mashini kabisa na kuiwasha. Ikikataa bado, angalieni kama diski imejaa. Video za arusi zinajaza kuliko barua. Kisha mufungue mukishika Maj, itawauliza kama inaanza bila vile vipande vilivyoongezwa. Kuna pia karatasi ndogo inayoitwa parent.lock ndani ya fasi barua zinapokaa. Thunderbird ikiwa imezimwa kweli, unaweza kuitosha. Hiyo tu. Vingine vya fasi ile, vinavyoitwa Profiles, msiviguse, njo barua zenyewe. Kutosha programu na kuiweka upya hakufuti Profiles. Kufuta mashini yote kunafuta.

Sasa tumegeuza mpango: barua zinabaki pia kule zilikotoka. Na kila mwisho wa mwezi, Thunderbird ikiwa imefungwa, tunakopi Profiles yote ku fleshi mbili. Tulibishana sana nani azishike, kwa maana kuna majina yenu na mashamba yenu mule, na hatutaki yatembee mikononi mwa watu. Fleshi moja iko kwa mama aliyeuliza lile ulizo. Ya pili iko kwa mweka hazina, ndani ya sanduku la makuta, na haitoki bila watu wawili wa komite kuwa pale.

Anayetaka kuona kama karatasi yake iko, aje siku ya ine, saa ine ya asubuhi, pano ikiwa imepata jua. Aje na jina kama lilivyoandikwa wakati wa kambi.