Mayai Yapo, Hayatoki tu

Binti ana mwaka wa pili kwenye ndoa. Hedhi yake huja mara moja, kisha ikapotea miezi mitatu. Kidevuni ana ndevu anazozing'oa kwa kujificha, na mawifi wameshaanza kusema. Anapigwa ultrasaundi, anaambiwa ovari zina vivimbe vingi vidogo. Akitoka nje anakutana na bango la kusafisha kizazi na kuzibua mirija. Mtaji wake wa vitenge unaishia hapo.

Biashara hii ya kusafisha vizazi inanikera, maana inauza dawa ya ugonjwa ambao binti huyu hana.

Vile vinavyoonekana kwenye picha ni vifuko vya mayai vilivyoanza kukua vikakwama njiani. Kwa kawaida kimoja hukomaa, kikapasuka na kuachia yai. Kwa mwenye hali hii, ambayo madaktari huiita PCOS, homoni za kiume kwa kawaida huwa zimezidi. Mara nyingi pia mwili hauitikii insulini vizuri, hivyo kongosho huzidi kuimwaga, na insulini hiyo huzichochea ovari kutengeneza homoni za kiume zaidi. Yai halitoki, hedhi inavurugika. Mirija inaweza kuwa mizima kabisa. Sasa kinazibuliwa nini?

Wala picha peke yake haitoshi. Daktari hutazama mpangilio wa hedhi, dalili za homoni za kiume, na ovari zenyewe. Akikuta mawili kati ya hayo matatu, na magonjwa mengine yanayofanana nayo hayapo, ndipo anathibitisha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hadi asilimia 70 ya wenye hali hii hawajagundulika.

Je, atazaa? Wengi huzaa, wengine bila dawa yoyote, kwa hiyo asiyetaka mimba asijidanganye kuwa yuko salama. Anayeihitaji ana vidonge vya kuchochea yai. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014, wenye wanawake 750, ulionyesha kuwa kidonge cha letrozoli kiliwapa watoto asilimia 27.5 ya waliokitumia, cha klomifeni asilimia 19.1. Mwenye uzito mkubwa akipunguza hata kidogo, yai huweza kuanza kutoka lenyewe. Ila tusiwasimange wanene; wembamba nao hupata hali hii.

Hata asiyetafuta mtoto asikae miezi mingi bila hedhi akishukuru kupumzika. Ukuta wa mfuko wa uzazi hunenepa, na hatari ya saratani hupanda. Apime na sukari, kwa sababu ya ile insulini isiyoitikiwa vizuri.

Nawe bwana unayenisikiliza, usimtume mkeo peke yake kliniki. Kipimo cha mbegu zako ni rahisi kuliko vingi anavyofanyiwa yeye. Nendeni wote wawili, kabla ya kununua chupa yoyote ya kusafisha kizazi.