Sahihi Halali, Programu Yenye Sumu

Mwaka 2020 iligundulika kuwa wadukuzi wameingia katika kampuni ya SolarWinds ya Marekani. Hawakuharibu msimbo ambao wahandisi huusoma. Walivizia kompyuta inayougeuza msimbo kuwa programu kamili. Kazi ikiendelea, faili moja ilibadilishwa kwa siri, kisha ikarudishwa ilivyokuwa. Programu ya kampuni hiyo, Orion, ikatoka na sahihi yake halali ya kidijitali, ikawafikia wateja wanaokadiriwa hadi 18,000, zikiwemo wizara za serikali ya Marekani.

Sahihi ilithibitisha nani ametoa programu. Kilichomo haikukisema.

Dawa ipo, na mradi wa programu huria wa Debian unaishughulikia tangu 2013: msimbo uleule, ukijengwa na watu tofauti kwenye mashine tofauti, utoe faili ileile, biti kwa biti. Ni kazi ngumu, maana hata tarehe ya ujenzi au mpangilio wa majina ya faili hubadilisha matokeo. Ikifanikiwa, faili iliyochezewa itatofautiana na nyingine, hivyo mdukuzi itambidi aziteke mashine zote kwa pamoja.

Wapo wanaong'ang'ania kwamba kinga ni kuficha jinsi mfumo unavyofanya kazi. Mholanzi Auguste Kerckhoffs alilikataa wazo hilo mwaka 1883, akitaka mfumo wa maandishi ya siri ubaki imara hata adui akiupata. Msimbo wa Orion ulifichwa, na waliozuiwa kuukagua ni wateja, si wavamizi. Serikali inayonunua mfumo wa kodi au wa kura idai, ndani ya mkataba, haki ya kuujenga upya na kulinganisha.