Lord Delamere na Mpaka wa Mashariki

Msikilizaji aliyeko Nabuyoga, wilayani Tororo, huenda akajiuliza Lord Delamere anamhusu nini. Hadi mwaka 1902 Uganda ilienea mashariki mpaka Bonde la Ufa. Mwaka huo Uingereza ilihamisha mpaka, na eneo hilo likawa sehemu ya nchi ambayo leo ni Kenya, wenyeji hawakuulizwa. Mwaka uliofuata mwungwana huyo, mpanda farasi shupavu aliyepata kuwa ofisa wa jeshi la akiba nchini kwao, alipewa ekari 100,000 huko Njoro kwa miaka 99. Mwaka 1904 Wamasai wa bonde hilo walihamishiwa Laikipia.

Haki yake apewe: hakuwa mvivu. Kondoo walikufa, ngano ikaliwa na kutu, naye akaanza upya. Lakini alifanya majaribio hayo juu ya ardhi ya wengine, huku akiwa kiongozi wa walowezi waliodai utawala uwe wao.

Reli ya Uganda nayo ilipitishwa Eldoret, katikati ya mashamba ya walowezi, kabla ya kufika Tororo. Ilifika Kampala mwaka 1931, mwaka aliofariki Delamere. Sanamu yake ya Nairobi iliondolewa Kenya ilipopata uhuru, na barabara iliyokuwa na jina lake ikaitwa Kenyatta.