Unyevu Ukutani, Joto Nje

Matofali ya kuchoma yamejaa vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Yakiwa makavu, vitundu hivyo hubeba hewa, na hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi. Mvua ikipenya, maji huchukua nafasi yake, na maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 ya hewa hiyo. Isitoshe, ukuta unapokauka, maji yanayogeuka mvuke huondoka na joto.

Sasa, kwa nini jambo hili limguse mkazi wa kawaida? Nchini Uingereza, nyumba nyingi zilizojengwa kabla ya 1919 zina kuta nzima za matofali, zisizo na uwazi katikati. Ukuta ukilowa, mwenye nyumba hulipia gesi zaidi, na chumba bado kina baridi. Mara nyingi chanzo ni kidogo: mfereji wa paa uliopasuka, au viungo vya chokaa vilivyozibwa kwa saruji, ambayo huzuia unyevu kutoka.

Wapo wanaotaka kuta hizo zivikwe vizuia joto upesi. Hoja yao ina uzito, kwani hata ukuta mkavu wa aina hii hupoteza joto jingi. Lakini, na hapa ndipo penye hatari, kizuia joto kikiwekwa upande wa ndani, matofali hubaki baridi, hukauka polepole, na ncha za boriti zilizochomekwa humo zaweza kuoza. Kukausha kwanza ndiko kwenye busara.

Swali linalobaki kwa msikilizaji: nani atagharamia ukarabati wa mifereji kabla ya fedha zote kuelekezwa kwenye vizuia joto?